Duara Lililojaa Kabla ya Kuulizwa

Katika kartiye ya Mudzipela, mjini Bunia, chumba cha Fiacre kilijulikana kwa bamba la jua lililofungwa kwa waya juu ya bati lake, na kwa kutosikika sauti ndani yake. Mwenye chumba alikuwa mtu wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye miwani iliyoungwa kwa uzi mweusi upande wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za mashine. Shule moja ilitaka programu ya kupanga pointi za wanafunzi, duka la dawa likataka ya kukumbuka tarehe za dawa kuharibika, naye aliwaandikia wote kwa uaminifu uleule. Watu walimwita Enjenia. Wakimletea mashine iliyozimika walimsalimu kwa adabu na kungoja nje. Ikiwaka tena walimshukuru kwa adabu, wakaenda zao. Ziko siku ambazo jua lilitua akiwa hajatumia sauti yake ila kwa salamu nne.

Alizaliwa Nyankunde, mwana wa seremala. Baba yake alikuwa na redio ya mbao, nzito, aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao, na usoni mwa redio hiyo palikuwa na vibonyezo vitano vya rangi ya pembe. Ukibonyeza kimoja kikazama, kile kilichokuwa kimezama kiliruka juu chenyewe, wala haikuwezekana viwili vizame pamoja. Fiacre mdogo alishinda mchana kutwa akijaribu kuvishinda ujanja, akibonyeza viwili kwa vidole viwili kwa kasi ileile, na redio haikukubali hata mara moja. Alipokuwa mtu mzima, akisomea mashine hapo Bunia, aligundua kwamba waliobuni madirisha ya kompyuta walizikumbuka redio za namna ile. Vile viduara vinavyopangwa kwa safu, ambavyo kujaza kimoja ni kukifuta kingine, walivipa jina la vitufe vya redio. Siku hiyo alicheka peke yake darasani, na mwalimu akamtoa nje.

Miaka tisa alikaa na mke wake Régine, na Mungu hakuwajalia mtoto. Régine alikuwa mwimbaji wa korali aliyekosea maneno ya nyimbo makusudi akiwa nyumbani, ili mumewe amsahihishe toka chumbani. Mwaka ule vita vilipoanza kuwaka katika vijiji vya Djugu, kaskazini ya mji, alikuwa amekwenda kijijini kumwuguza mama yake. Siku ya tatu ya mkimbio alipiga simu kutoka mahali penye kelele za watu wengi, akasema, "Tunaenda kwa ziwa. Nikivuka, nitakupigia." Hakupiga. Katika waliorudi kutoka Uganda, wengine walisema walimwona akipanda mtumbwi. Wengine walisema mtumbwi ule haukufika. Mmoja aliapa kwamba alimwona katika soko la kambi huko ng'ambo akinunua chumvi, lakini huyo alikuwa amelewa alipokuwa akiapa.

Miaka sita ilipita juu ya jambo hilo. Fiacre hakubadilisha namba yake ya simu, ingawa mtandao wake ulikuwa umefifia na marafiki walimsihi ahamie mwingine. Chini ya kitanda alitunza sanduku la nguo za Régine, na kila mvua zilipokoma alizianika mchana mmoja, akazikunja, akazirudisha. Alikuwa na kiti kimoja na sahani moja ya kulia. Sahani nyingine zilikuwa zimefungwa katika gazeti.

Mwaka huo parokia yake ilianza kazi ya rehema: kuandika majina ya watu waliotawanyika, ili ndugu waliokuwa katika kambi pembeni ya mji na ndugu waliokuwa ng'ambo ya ziwa wapate kutafutana. Aliyetumwa kambini kuuliza alikuwa Mama Emerance, karani wa parokia, mjane mnene mwenye mwandiko mzuri. Majibu aliyaandika kwanza katika kaye zake, madaftari ya shule, kisha akirudi ofisini akayahamishia katika mashine. Fiacre ndiye aliyeombwa kulitengeneza dirisha la kujazia.

Alilitengeneza kwa siku nne. Palikuwa na nafasi ya jina, ya kijiji, ya umri, ya siku mtu alipoonekana mara ya mwisho, na ya ndugu anayemtafuta. Na chini kabisa palikuwa na swali la hali yake, lenye viduara viwili. Cha kwanza kilisema *Amefariki*, cha pili *Yuko hai*. Mwandishi wa programu huviunga viduara vya namna hiyo kwa kuvipa kikapu kimoja cha pamoja, na kila kiduara hupewa thamani yake. Mtu akikibonyeza kimoja, thamani yake huingia kikapuni na iliyokuwamo hutoka. Na mashine, ili ijue kipi ikionyeshe kimejaa, huchungulia kikapuni. Fiacre alikipa *Amefariki* thamani ya sifuri, na *Yuko hai* thamani ya moja, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kuhesabu hivyo, sifuri kwa kisichokuwapo na moja kwa kilichopo. Alisahau jambo ambalo wanafunzi hufundishwa wiki ya kwanza: kikapu cha namba kisipotiwa kitu hakizaliwi kitupu, huzaliwa na sifuri ndani yake.

Kwa hiyo kila dirisha jipya lilipofunguka, duara la *Amefariki* lilikuwa limejaa tayari, kabla mtu hajaulizwa neno.

Yeye mwenyewe angepaswa kuliona. Lakini alipofika kwenye majaribio alihitaji jina la kujaribia, na vidole vyake viliandika *Régine* kabla hajafikiri. Aliandika kijiji cha mama mkwe wake, umri wa mkewe, siku ya ile simu, na kwenye nafasi ya ndugu akajiandika mwenyewe, mume, wa Mudzipela. Akaketi akilitazama jina la mkewe kwenye kioo cha mashine, lilivyokaa pale kwa herufi safi kama la mtu yeyote, wala hakutazama chini ya hapo. Alibonyeza *Hifadhi*. Mashine ikasema imehifadhi. Alikusudia kulifuta kesho yake, na kesho yake alilisahau, au alijisahaulisha.

Wala Mama Emerance hakusema kitu, na hilo lilitokana na adabu ya kwao. Kwa watu wa huko, aliyepotea haulizwi. Mama akikuambia kwamba mwanawe hakurudi, humshushii swali kama yu hai au amekufa. Unatazama chini, unasema "Mungu iko," unapita kwenye jambo jingine. Katika kaye yake Mama Emerance aliweka msalaba mdogo mbele ya majina ya waliokufa, akaandika *hai* mbele ya walio hai, na mbele ya waliopotea hakuandika kitu. Kwenye mashine alifanya vilevile: swali la mwisho hakuligusa, akiamini kwamba asichokigusa kitakaa kimya. Ile nukta nyeusi ya juu alidhani ni pambo la kuonyesha mahali mstari unapoanzia.

Siku ya kuwaombea marehemu wote iliangukia Jumamosi. Ilikuwa desturi ya parokia hiyo kusoma majina kanisani asubuhi yake, na mwaka huo katekista Constant, mwenye sauti inayofika mlangoni bila kipaza sauti, aliamua kuyaongeza majina yaliyokuwa katika mashine. Akaomba orodha ya waliofariki, nayo mashine ikaitoa.

Fiacre alikuwa ameketi benchi la mwisho upande wa dirisha, mahali pake pa siku zote. Alikuwa akiyasikiliza majina jinsi mtu anavyosikiliza mvua iliyokwisha kudumu. Constant alisoma bila haraka, akinyamaza kidogo baada ya kila jina.

"Aaron, mwana wa Gracieuse, kutoka Djugu."

Kidole chake kikashuka mstari mmoja.

"Régine, muke wa Fiacre, wa Mudzipela."

Alijua. Kabla ya jina lililofuata alikuwa amekwisha kuiona sifuri, na kikapu, na siku ile ya majaribio. Magoti yake yalijikaza yasimame. Palikuwa na nafasi ya kusimama, fupi, kama ile anayoiacha mtu mlangoni ili mwingine apite. Kisha Constant akaendelea na jina jingine, na jingine, na nafasi ikajifunga.

Alipotoka nje, jirani yake Mama Anastasie alikuwa wa kwanza kumshika mikono. Huyu alikuwa mwuza unga, mkali wa maneno, aliyewahi kuimba korali moja na Régine.

"Papa Fiacre. Kumbe ulijua na ulinyamaza."

"Mama Anastasie, sikiliza..."

"Ninasikiliza nini? Weye ni mutu gani, unakula huzuni peke yako mu chumba kama sukari? Siye haiko majirani?"

Naye akalia hapohapo mbele ya watu, na Fiacre akaona haya kumkatiza mtu anayemlilia mke wake.

Saa nane mchana ua wake ulikuwa umejaa. Waliotandika mikeka walitandika, waliofunga turubai walifunga. Kuni zilikuja kichwani, na sufuria mbili za sombe ya majani ya muhogo, na viti vya plastiki vilivyoandikwa majina ya wenyewe mgongoni kwa rangi nyekundu. Miaka sita ua ule haukuwahi kukanyagwa na watu zaidi ya watatu kwa pamoja. Constant alifika na Biblia kwapani, akachungulia chumbani, akatoka.

"Enjenia, mutu mwenye anajua mashini yote ya Bunia, na nyumba iko na kiti moja?"

"Moja inatosha mutu moja," alisema Fiacre.

"Leo haitoshi."

"Mwache," alisema Mama Anastasie. "Régine ndiye alikuwa anakaa chini kwa mukeka na kumwachia kiti. Sindiyo? Nilikuwa nakuja hapa kuomba moto, ninakuta yeye iko chini anachambua sombe, bwana iko juu kama jaji."

Watu walicheka, na katika kucheka wakaanza kukumbuka. Mmoja alieleza jinsi Régine alivyobishana na mwuza kuku mpaka mwuza kuku mwenyewe akamsaidia kuhesabu. Mwingine alikumbuka siku alipokosea wimbo kanisani, mara hii si makusudi, na korali nzima ikamfuata katika kosa. Mtu alimmiminia Fiacre maji ya kunawa. Mtu mwingine aliweka sahani mbele yake na kusimama juu yake mpaka amalize. Tangu simu ile hakuwahi kulisikia jina la Régine katika kinywa cha mtu isipokuwa kwa swali. Na sasa lilikuwa likipita toka mkeka hadi mkeka, likiwa na miguu na kicheko na kuku.

Hilo ndilo lililomfunga ulimi. Alijiambia kwamba atasema watakapomaliza kula. Walipomaliza kula walianza kuimba, akajiambia atasema wimbo ukiisha. Jua liliposhuka Mama Anastasie alimjia kwa sauti ya chini.

"Kesho kutwa ni siku ya tatu. Tutafungua sanduku. Régine aliacha dada?"

"Hana dada."

"Basi nguo zake tutagawa kwa siye wenye tulikuwa naye mu korali. Njo vile inafanyikaka. Kiisha weye utanyolewa, utapumzika. Miaka sita ni mingi, Papa Fiacre."

Aliitikia kwa kichwa, na kichwa chake kilikuwa kizito kama si chake. Alielewa kwamba sanduku likifunguliwa, Régine atakuwa amekufa kweli katika Mudzipela nzima. Hata akitokea barabarani akiwa na chumvi yake mkononi, atakuta kitenge chake kimevaliwa na mwingine. Alielewa pia kwamba akisema, wataondoka. Usiku aliwasikia wale waliolala uani wakikoroma, akalala fofofo kama mtu ambaye hakuwa amelala kwa muda mrefu.

Jumapili baada ya Misa akaingia uani mwanamke mzee ambaye hakuna aliyemfahamu. Alikuwa ametembea kutoka kambi ya wakimbizi pembeni ya mji, miguu yake myekundu kwa vumbi mpaka magotini. Alimwuliza Mama Anastasie mwenye msiba ni yupi, kisha akaja akaketi chini karibu na kiti cha Fiacre, akakataa kiti alichopewa.

"Mimi ni Mama Aaron," alisema. "Jana walisoma mutoto wangu, kiisha walisoma muke wako. Wamefuatana. Nikasema, niende kulia na ule mwenye tulisomewa naye, mu kambi hakuna nafasi ya kulia."

"Karibu, mama."

"Aaron alikuwa na miaka kumi na tisa. Batu balisema alikimbia upande ya Irumu. Nilikuwa ninamungojea. Kila siku nikipika, ninaweka yake kando, ninafunika na sahani. Batu banacheka, banasema, Mama Aaron, chakula ya nani? Ninasema, ya mwenyewe." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Jana sikufunika."

Fiacre alimsogezea kikombe cha maji.

"Sasa batu wameniambia weye unafanya kazi na ile mashini ya parokia. Sikuje kusumbua. Ninataka tu kuuliza kitu moja, kiisha nitanyamaza. Ni nani aliwaambia? Ule mama mwenye kaye alipokuja sikumwambia kama Aaron amekufa. Mimi sikusema ile neno. Basi kuko mutu mwenye alimuona. Ninataka kumujua, anionyeshe fasi walimuzika."

Wimbo uliokuwa ukiimbwa mkekani ulikuwa umefika mwisho, na watu walikuwa wakinywa maji. Fiacre alivua miwani yake akaishika magotini. Alimtazama mwanamke yule, ambaye alikuwa amekwisha kumzika mwanawe tangu jana kwa ajili ya sifuri, akaona kwamba faraja aliyokuwa akiipora katika ua ule ilikuwa ikilipiwa na wengine.

"Hakuna mutu aliwaambia, mama."

"Ni namna gani?"

"Ni mimi. Ni kosa yangu." Alipaza sauti kidogo, naye hakuwa mtu wa kupaza sauti, kwa hiyo ua wote ukanyamaza. "Mashini haikujua kitu. Niliiandika vibaya. Mutu asipojibu kama ndugu yake iko hai ao amekufa, mashini inaandika amekufa. Aaron hakuna mwenye alisema amekufa. Na Régine hakuna mwenye alisema. Jina ya Régine nilitia mwenyewe, nikijaribu. Jana hawakuwa wafu wote wenye walisomwa. Wengine tunawatafuta tu."

Mama Aaron alimtazama kinywa chake, si macho, kana kwamba maneno yalikuwa bado yananing'inia pale.

"Basi Aaron haiko..."

"Hatujui, mama. Tuko palepale tulikuwa."

"Palepale," alirudia mwanamke. Akaweka viganja vyote viwili ardhini, akavuta pumzi ndefu.

Constant alikuwa amesimama. "Enjenia. Kosa hii umeivumbua leo?"

Angeweza kusema ndiyo. "Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Kanisani, wakati ulisoma."

"Nikiwa ninasoma."

"Ndiyo, katekista."

Constant aliitazama Biblia iliyokuwa mkononi mwake kama mtu anayetafuta mahali pa kuiweka. "Ni sauti yangu iliingia mu masikio ya hawa wamama," alisema taratibu. "Weye ulikuwa umekaa pale nyuma."

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa nafuu. Wanawake walianza kukunja mikeka, na mikeka ikikunjwa na watu wasiosema hutoa sauti ya majani makavu. Turubai lilifunguliwa kamba. Mama Anastasie aliimwaga sufuria ya maji ya moto juu ya kuni, akangoja mpaka moshi umalizike, ndipo akaja kusimama mbele yake.

"Nimelia siku mbili," alisema. "Nimelia mutu mwenye labda anapika fufu Uganda."

"Nisamehe, Mama Anastasie."

"Siyo kulia kunaniuma." Akafikiri. "Ulitaka batu waje, sindiyo? Ungesema tu, tungekuja." Kisha, baada ya kuonekana kama amemaliza: "Hapana. Labda hatungekuja."

Akachukua sufuria yake akaenda. Mama Aaron ndiye aliyebaki mpaka mwisho. Aliinuka kwa kushika mguu wa kiti cha Fiacre, akajikung'uta vumbi, akatazama jua lilipo.

"Nikienda haraka," alisema, "nitafika mbele ya saa ya chakula, nifunike yake."

Jumatatu asubuhi Fiacre alikwenda ofisini kwa Mama Emerance, akamweleza yote akiwa amesimama. Mama Emerance alisikiliza akiwa ameshika kalamu, na alipoelewa habari ya ile nukta nyeusi aliiweka kalamu mezani polepole.

"Nilidhani ni pambo," alisema. "Mwezi tano ninaangalia ile kitu, ninasema, Papa Fiacre amenitilia pambo."

"Kosa haiko yako."

"Haiko yangu, lakini mikono ilikuwa yangu. Njoo tukae."

Shida ilikuwa kwamba mashine yenyewe isingeweza kuwasaidia. Sifuri iliyochaguliwa na mtu na sifuri iliyozaliwa kikapuni zilifanana kabisa. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuzitenganisha kwa kuzitazama. Ilibaki kaye. Walizifungua zote saba, wakasoma jina kwa jina, yeye akitaja na mama akitafuta. Penye msalaba mdogo walipita. Pasipo na kitu walisimama. Kufikia adhuhuri walikuwa na majina thelathini na mawili yaliyosomwa kanisani bila msalaba.

Ndipo Fiacre akaliandika upya swali la hali. Safari hii hakutaka namba. Alichukua kikapu cha maneno, akapanga viduara vitatu, kila kimoja akakipa neno kuwa thamani yake, na kikapu akakiacha bila kitu, kwa kuwa kikapu cha maneno huzaliwa kitupu kweli. Cha tatu alikiandika *Haijulikani*. Alifungua dirisha kutazama, na viduara vyote vitatu vikaonekana vimejaa kivuli cha kijivu kwa pamoja, kana kwamba vyote vilikuwa vimechaguliwa nusu.

Aliketi akivitazama. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba katika zana zile za kutengenezea madirisha utupu wenyewe umewekewa maana: kikapu kisicho na neno huambia mashine kwamba haifahamiki lipi ni lipi, nayo hutia kivuli kote. Jambo alilolijaribu utotoni kwa vidole viwili juu ya redio ya baba yake lilikuwa limetimia mbele yake bila yeye kulitaka.

Mama Emerance aliinama kutazama juu ya bega lake. "Na hii ni nini? Yote tatu?"

"Ni kosa ingine. Nitaitengeneza."

"Usiharakishe," alisema mama. "Hiyo njo moyo ya ule Mama Aaron vile iko."

"Ndiyo, mama. Lakini haiwezi kuandikwa mu liste."

Alikitia kikapu neno la kuanzia, *bado*, neno ambalo hakuna kiduara kilichokuwa nalo. Kivuli kikatoweka, viduara vitatu vikakaa vyeupe. Kisha akaongeza sharti: maadamu *bado* limo kikapuni, *Hifadhi* isikubali. Hakuna tena swali litakaloachwa lijijibu lenyewe.

"Hii *Haijulikani* siipendi," alisema Mama Emerance. "Ni neno ya polisi. Nikimwonyesha mama neno kama hii atafikiri nimemusahau mutoto wake. Andika *Anangojewa*."

Fiacre alifuta, akaandika. Wakayapitia majina thelathini na mawili, moja baada ya jingine, wakilijaza duara la tatu: Aaron, na wengine. Likabaki la thelathini na tatu, la Régine. Mama Emerance alipekua kaye zake.

"Huyu haiko mu kaye yangu."

"Nilimtia mwenyewe. Nifute tu."

"Juu ya nini ufute? Ni kwamba hakuna mutu alikuja kukuuliza." Akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akakaa wima jinsi alivyokaa mbele ya watu wa kambini. "Jina ya mwenye kutafutwa?"

Aliulizwa yote: jina, kijiji, umri, nguo aliyovaa, siku alipoonekana mara ya mwisho, maneno ya mwisho ya simu. Alijibu, na sauti yake ilimtoka ikiwa na kutu. Walipofika kwenye swali la hali Mama Emerance alitazama chini, kama ilivyo adabu. "Mungu iko," alisema, na mkono wake ukaenda *Hifadhi*. Mashine ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa tena, kwa kuwa sharti halikumbagua mtu.

Kisha Mama Emerance, pasipo kumtazama na pasipo kuuliza, aliishika mashine kwa mikono miwili, akaigeuza juu ya meza mpaka kioo kikamwelekea Fiacre, akainuka, akaenda kusimama dirishani na kutazama pikipiki barabarani.

Fiacre alivitazama viduara vitatu vyeupe. Alivisoma vyote, hata cha kwanza. Akabonyeza cha tatu.

Jumapili iliyofuata Constant alisoma majina thelathini na matatu, akisema kwanza kwamba haya yalisomwa kwa makosa, na kwamba mashine haikukosea, walikosea watu. Hakumtaja aliyekosea, na kwenye benchi la mwisho upande wa dirisha palikuwa na nafasi wazi pande zote mbili za Fiacre. Mama Aaron alikuwa mbele. Jina la mwanawe liliposomwa aliitikia kwa sauti, "Tunamungojea," na baada ya jina lililofuata kanisa zima liliitikia vivyo hivyo, bila mtu kuwafundisha. La Régine lilipofika waliitikia pia. Fiacre aliifungua midomo, lakini wao walikuwa wamekwisha kumaliza.

Nyumbani aliufagia ua tena, ingawa majivu yalikuwa yamekwisha tangu katikati ya wiki. Nyuma ya nyumba alikuta kiti cha plastiki kimeanguka kifudifudi kwenye majani, kimeandikwa *Anastasie* kwa rangi nyekundu. Alikifuta, akakibeba mpaka kwa mwenyewe. Mama Anastasie alikuwa akipima unga, hakuinua kichwa.

"Mama, ulisahau kiti."

"Sikusahau. Kilibaki."

"Nimekirudisha."

Alimalizia kupima, akafunga mfuko. "Kirudishe kwako. Nikipita siku moja nitakuta fasi ya kukaa."

Alikirudisha. Alikiweka uani kikiutazama mlango wa barabarani, mkabala na kile chake cha siku zote, na jioni aliketi kwenye kimoja. Wiki hiyo mvua ilinyesha kila siku, na Mama Anastasie hakupita. Kila mvua ilipokatika Fiacre alitoka na kitambaa, akavifuta viti vyote viwili, kisha akatazama simu kama ina mtandao.